Jicho la Bimal Roy na Dakika Zake Kumi na Tano za Mwisho

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya wapenzi wa senema hapa mjini. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale waliozuiliwa na mvua. Picha nilizozionyesha ukutani sikuziweka.)

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kutoka kwenye picha ya Kihindi macho yamevimba kwa kulia? Nyanyueni mikono. Naam. Na ule mkono wa mzee kule nyuma, ulioishia kidevuni ukajifanya unakuna ndevu, nao nimeuhesabu.

Sisi tuliokulia Unguja picha ya Kihindi hatukufundishwa. Tuliikuta nyumbani kama tulivyoikuta chai ya maziwa. Marehemu mama yangu hakujua Kihindi hata cha kuombea maji, lakini akirudi Majestic, pale Vuga, alikuhadithia picha nzima, nani kamdhulumu nani na kwa kiasi gani, mpaka chai ikapoa. Na sote tulizijua kanuni. Stelingi hafi. Adui atapigwa, lakini mwishoni. Mama wa stelingi atapofuka, na kama hakupofuka atakohoa. Mvua ikinyesha, pana wimbo.

Leo nimekuja kumzungumza mtu aliyezijua kanuni hizo zote, akazivunja nusu. Nusu tu. Hiyo nusu aliyoiacha ndiyo ugomvi wangu naye.

Jina lake Bimal Roy. Alizaliwa mwaka 1909 upande wa Dhaka, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, kwenye ukoo wa mazamindari. Zamindari si mkulima. Zamindari ni mwenye ardhi, anakaa barazani, wakulima wanamletea kodi. Baba alipofariki familia ikaipoteza ardhi ile, na kijana akaangukia Calcutta na mama mjane na wadogo zake wa kulisha. Akapata kazi ya kamera katika studio za New Theatres. Kwa hiyo kabla hajaanza kuwaelekeza watu wafanye nini mbele ya kamera, alikwisha kukaa miaka nyuma yake, kazi yake kutazama. Mwaka 1950 hivi akahamia Bombay, na huko ndiko alikozifanya picha ninazotaka tuzungumze. Alifariki Januari 1966, hajafika hata miaka sitini.

Nayataja haya kwa sababu moja. Bimal Roy alizaliwa barazani, akatupwa barabarani. Uzuri wake wote umetoka barabarani. Udhaifu wake, na nitakuonyesheni, umetoka barazani.

Nianze na uzuri, wala sitauharakisha.

Mwaka 1953 alitoa Do Bigha Zamin. Maana yake bigha mbili za ardhi. Kwa vipimo vya Bengali haifiki hata ekari moja. Mkulima anaitwa Shambhu. Kiwanja chake kiko katikati ya mashamba ya zamindari, na zamindari amepatana na watu wa mjini wajenge kiwanda pale. Shambhu hauzi. Ardhi ni mama, utamuuzaje mama? Basi zamindari anamdai deni lake. Shambhu anajua anadaiwa rupia 65. Anauza vyombo, anauza mpaka vipuli vya mkewe, anazipeleka. Anafika pale anaambiwa: deni ni rupia 235. Hati zimechezewa, na yeye hajui kusoma. Mahakama inampa miezi mitatu.

Miezi mitatu, rupia 235, mtu asiyejua kusoma. Ndugu zangu, hapo stelingi wetu tuliyemzoea angefanya nini? Angekunja mikono ya shati. Shambhu anapanda treni kwenda Calcutta, mtoto wake wa kiume amejificha humo humo garini, na usiku wa kwanza mjini wanaibiwa kila walichobeba. Anaishia kukokota riksho. Vijana, msifikirie bajaji. Hii ni gari ya magurudumu mawili, anayeikokota ni binadamu, miguu mitupu, abiria kakaa juu kivulini.

Kuna kipande kimoja humo nataka mkikumbuke. Mwanamke amepanda riksho, mwanamume anamfukuza kwa kujifurahisha tu, na riksho aliyopanda mwanamume ni ya Shambhu. "Kaza mwendo, nitakuongeza." Shambhu anakaza. "Kaza, nitakuongeza tena." Anakaza. Abiria wanacheka, hawana ubaya wowote, wanacheka kama watu wanaocheka pembeni ya bahari. Na wewe unayetazama unajua kila rupia inayotajwa inaingia kwenye hesabu ya 235. Kwa hiyo unamtaka apunguze mwendo na unamtaka akaze, vyote kwa pamoja. Kisha gurudumu linachomoka.

Hakuna adui pale. Hakuna aliyemchukia. Bimal Roy amekuonyesha dhuluma, na waliomo ndani yake wanacheka na kulipa nauli. Wangapi wanaweza kuonyesha hivyo? Wengi wetu tukitaka kuonyesha dhuluma tunamtafuta mtu mwenye sharubu.

Na mtazameni aliyeigiza Shambhu, Balraj Sahni. Huyu alikuwa msomi, wakati wa vita kuu ya pili alikuwa London akitangaza BBC. Watu walicheka: huyu bwana awe mkulima? Akaenda kujifunza kukokota riksho, akakokota kweli, na bado aliona moyoni mwake kwamba anaigiza vibaya. Ameeleza mwenyewe kwamba siku moja amekaa amechoka, mkokota riksho mmoja wa makamo, mtu wa jimbo la Bihar, akamuuliza wanafanya nini pale. Sahni akamsimulia hadithi ya picha. Yule mzee machozi yakamtoka. Akasema, hiyo ni hadithi yangu mimi. Naye alikuwa na bigha mbili kijijini, ziko mikononi mwa zamindari, na alikuwa amekokota riksho miaka kwenda miaka rudi ili azikomboe. Akaondoka huku akirudia: hii ni hadithi yangu, bwana, hii ni hadithi yangu. Sahni anasema baada ya hapo aliacha kufikiria uigizaji.

Na mwisho wa picha ile? Miezi imepita, pesa haikutimia. Shambhu, mke na mtoto wanarudi kijijini, wanakuta ua, na ndani ya ua kiwanda kinajengwa. Shambhu anainama pembeni ya ua, anachota udongo, gao moja tu. Mlinzi anamkemea: umeiba nini? Shambhu anaufungua mkono, udongo unamwagika. Wanaondoka.

Basi. Imekwisha. Hakuna hakimu aliyetambua kosa lake, hakuna zamindari aliyeanguka miguuni kuomba radhi. Stelingi hakufa, ni kweli, kanuni imetimia. Kaondoka tu, mkono mtupu. Picha hiyo ilichukua Filmfare, zawadi kubwa ya senema za Kihindi, ya picha bora zilipotolewa mara ya kwanza, ikachukua na zawadi ya kimataifa kwenye tamasha la senema la Cannes, Ufaransa, mwaka 1954. Nasema hivi kwa wale wanaoamini kwamba bila ya ngumi ya mwisho picha ya Kihindi haisimami.

Sasa ugomvi.

Nianze na mdogo, kwa sababu unachekesha. Magari. Mke wa Shambhu anakuja Calcutta kumtafuta mumewe, anaangukia mikononi mwa mwanamume mbaya, anakimbia, anagongwa na gari. Watu wanatafuta riksho ya kumpeleka hospitali. Riksho ngapi zilikuwa Calcutta mwaka 1953? Inayokuja ni ya mumewe. Haya, tumesamehe. Miaka kumi baadaye, katika Bandini, baba wa msichana anakuja mjini kumtafuta binti yake. Anagongwa na gari. Nakwambieni, katika picha za Bimal Roy ukimwona mtu wa kijijini anavuka barabara ya mjini, mwombee dua.

Tunacheka, lakini tazameni gari lile linafanya nini. Mtu huyu ana subira ya kutuonyesha jinsi rupia 65 zinavyogeuka 235 kwa kalamu ya karani. Jambo lenye sababu, lenye mkono wa mtu ndani yake. Halafu hadithi ikimbana, anaikabidhi kwa ajali. Ajali haina karani. Ajali haishtakiwi. Mtazamaji aliyekuwa ameanza kukasirika anaambiwa alie badala yake, na kulia ni rahisi zaidi.

Ugomvi wa pili katika picha hiyo hiyo. Mvua inakuja kijijini baada ya ukame, wanakijiji wanaimba pamoja, ngoma zinapigwa, wanacheza. Muziki ni wa Salil Chowdhury, aliyeandika hadithi yenyewe pia, mtu aliyetoka kwenye vikundi vya wasanii wa mrengo wa kushoto waliokuwa wakiimba na wakulima vijijini. Kwa hiyo ule wimbo unajua unachokisema: sisi tuko wengi. Lakini Shambhu akiitwa mahakamani, anakwenda peke yake. Wako wapi wale waimbaji? Wao hawadaiwi? Zamindari yule ana mkulima mmoja tu? Wanaimba pamoja, wanashtakiwa mmoja mmoja. Pengine ndivyo ilivyokuwa kweli. Lakini yeye halioni hilo kuwa swali, na mimi naona ndilo swali lenyewe. Anayetazama kutoka barazani humwona mkulima mmoja amesimama mbele yake, kofia mkononi. Hawaoni wakulima wanapozungumza wenyewe usiku.

Nije kwenye Sujata, ya mwaka 1959, ambayo tutaitazama leo. Naomba akina mama waliokwisha kuiona wasiwaharibie wengine. Mimi nitawaharibia mwenyewe.

Wazazi wa tabaka la chini kabisa, wale ambao Wahindu wa tabaka la juu waliwaita wasioguswa, wanakufa kwa kipindupindu, wanamwacha mtoto mchanga wa kike. Mhandisi mmoja, Upendranath, na mkewe Charu wanampokea. Kwa siku moja tu. Kisha mpaka wapatikane ndugu zake. Kisha mtoto amekua. Wana binti yao wa kumzaa, Rama, anayesoma, anayecheza, anayeringa. Na wana Sujata, anayejua vikombe viko kabati gani.

Mgeni akija akauliza huyu ni nani, Charu anajibu: huyu ni kama binti yetu. Kama. Bimal Roy anamfanya Charu alirudie neno hilo, na kila likirudi kamera inamtazama Sujata akilisikia. "Kama binti yetu." Haonewi, hapigwi, hanyimwi chakula. Ananyimwa kuondolewa neno moja.

Niwaulize, na msinijibu kwa sauti. Nyumbani kwako yuko msichana wa kazi? Mgeni akiuliza, unamjibu nini? Mimi nimeshamsikia mama yangu, aliyelia kwenye picha hii mara mbili, akisema maneno yale yale kwa Kiswahili safi juu ya msichana aliyekuwa akitupikia. Ni kama mwanangu huyu. Na msichana amesimama pale na sinia.

Ndiyo maana nasema jicho lake halina mfano. Halafu kuna simu. Kijana wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la juu kabisa, Adhir, aliyekusudiwa kuwa mchumba wa Rama, amempenda Sujata. Anampigia simu anamwimbia, sauti ni ya Talat Mahmood, muziki wa S. D. Burman. Mkurugenzi mwingine angetupeleka milimani, angewavalisha nguo nyingine kila ubeti. Bimal Roy anatuacha na Nutan, anayemwigiza Sujata, ameshika simu. Wimbo mzima! Furaha inamjia usoni na hofu inakuja nyuma yake, kama mtu aliyepewa kitu kizuri akiwa na hakika wamekosea nyumba. Nutan alipata Filmfare ya mwigizaji bora wa kike kwa picha hii, na kwa dakika zile peke yake nisingemnyima.

Haya. Tumefika dakika kumi na tano za mwisho. Charu amesikia kwamba Adhir anamtaka Sujata badala ya Rama, amekasirika, anaanguka ngazi, damu inamtoka. Hospitali wanatafuta damu. Ya Rama haifai. Ya mume haifai. Inayofaa ni ya Sujata. Mama anapona, anaambiwa ni damu ya nani, analia, na sasa Sujata ni binti yetu bila ya "kama". Harusi.

Najua hoja yake. Anatwambia damu haina tabaka. Mwaka 1959, miaka michache tu tangu sheria ya 1955 iliyofanya kumtenga mtu kwa jina la "asiyeguswa" kuwa kosa la jinai, lilikuwa neno zito. Simdharau.

Lakini ndugu zangu, na kama damu ya Sujata isingefaa? Kama kundi lake la damu lingekuwa lingine? Angebaki "kama" maisha yake yote? Hebu litazameni deni hilo. Shambhu alidaiwa rupia 235 za uongo, na Bimal Roy akatuonyesha kwamba ni za uongo. Sujata anadaiwa kitu kikubwa zaidi, anadaiwa ustahiki wa kuitwa mtoto katika nyumba aliyokulia, na safari hii Bimal Roy anaikubali hati. Anamwambia: lipa. Analipa kwa chupa ya damu, sisi tunapiga makofi. Na angalieni Sujata mwenyewe alivyoandikwa: hana hasira. Binti amelelewa chini ya neno lile miaka yote, hakasiriki hata siku moja kwa sauti? Mwenye baraza humpenda mnyonge mpole. Mnyonge mwenye ulimi humwita hana shukrani.

Kwa nini alifanya hivi, mtu aliyeweza kuumwaga ule udongo? Mimi nadhani pesa imo. Do Bigha Zamin ilimpa heshima. Iliyompa mapato makubwa ni Madhumati ya mwaka 1958, yenye mzimu na watu waliozaliwa mara ya pili, iliyozoa zawadi 9 za Filmfare. Mtu mwenye kampuni yake, mwenye watu wa kulipa kila mwezi, anajifunza watazamaji wanataka kutoka ukumbini na nini mkononi. Lakini pesa si yote. Nadhani pia aliipenda mno ile familia ya Sujata. Nyumba kama ile aliijua kabla haijapotea.

La mwisho, Bandini, mwaka 1963, na hapa sina hakika kama nalalamika au nasifu.

Nutan tena, jina lake Kalyani, yumo gerezani, zama za Waingereza. Ameua. Amemtilia sumu mwanamke mgonjwa aliyekuwa akimhudumia, ambaye amegundua ni mke wa Bikash, mwanamume aliyemwahidi ndoa akatoweka. Mauaji yenyewe yanaonyeshwa hivi: Kalyani yuko peke yake, nje mafundi wanafanya kazi ya chuma. Mwanga wa moto unamwakia usoni, unazima, unawaka, unazima. Nyundo inagonga. Hasemi neno. Unamwona mtu akivuka kutoka upande mmoja wa nafsi yake kwenda wa pili, na usoni hapana kitu ila mwanga. Huyo hapo, ndugu zangu, ndiye yule mpiga picha wa Calcutta.

Sasa daktari wa gereza, kijana mzuri, ni Dharmendra huyo, anataka kumuoa. Anajua kila kitu na bado anataka. Kalyani anaachiliwa, yuko njiani kwenda kwa mama wa daktari, na kwenye kituo cha kusubiria anamkuta nani? Bikash. Mgonjwa wa kifua kikuu, anaelekea kwenye meli. Anasikia kwamba ndoa ile Bikash alitakiwa na chama chake aifunge, kwa ajili ya harakati za uhuru. Meli inapiga honi. Kalyani anakimbia, anaacha treni, anaacha daktari, anapanda melini.

Picha hii iligawa nyumba yetu. Shangazi yangu, ambaye aliachika mara mbili na hakujuta hata moja, alisema: mjinga huyu, kafungwa kwa ajili yake na sasa anakwenda kumuuguza. Akaongeza neno ambalo siwezi kulisema mbele ya wazee. Mama akamjibu: mwenzangu, kila mtu kampangia pa kwenda. Baba, gereza, daktari. Huko anakokimbilia ni pahala pa kwanza alipopachagua mwenyewe. Walibishana mpaka kutia unga wa sembe sufuriani, na ugali ule ulikuwa na madonge.

Mimi nilikuwa upande wa shangazi miaka mingi. Nikisema: yale yale, mwanamke anatakiwa alipe ndipo asamehewe, Sujata kwa damu, Kalyani kwa uuguzi. Siku hizi nikiitazama nababaika, kwa sababu ya ule mbio. Mtu anayekwenda kulipa deni hakimbii vile. Tofauti na Sujata, anayekaa pembeni akisubiri kuambiwa yeye ni nani, Kalyani hajamuuliza mtu. Kwa hiyo labda mwaka 1963 Bimal Roy alikuwa anarudi kwenye ule mwisho wa udongo kwa njia nyingine, na hakupewa umri wa kufika. Au labda shangazi ndiye mkweli. Wenye maoni, juisi ya ukwaju iko kule nje, tutabishana huko.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha na mashine iko tayari. Sujata ina zaidi ya saa mbili. Hesabuni wenyewe neno "kama" litatajwa mara ngapi. Kwa Kihindi mtalisikia hivi, "jaisi". Na simu ikilia, tafadhali, hata wenye watoto, kimya. Kijana, zima taa.